Mstari wa Mwisho

Mkaguzi alipiga simu toka Kitale saa nne asubuhi.
Mashine yake ni ya zamani, faili yangu haimfungukii,
nimhifadhie kwa muundo ule wa kale.
Nikasema sawa, Bwana Sitienei.
Nje mikebe ilikuwa ikioshwa kwa maji ya moto,
na ile harufu ya maziwa yaliyochacha
ambayo hainitoki hata Jumapili kanisani.

Kidirisha kikatokea, kijivu, kipole:
Baadhi ya taarifa huenda zikapotea. Uendelee?

Huenda.
Mama hulitumia neno hili akitazama mawingu ya Mlima Elgon,
na akimtaja kaka yangu aliye Qatar:
huenda akaja Desemba.
Nikabonyeza Ndiyo
kama anavyojibiwa mtoto anayekuvuta sketi sokoni.

Faili mpya ilikuwa nyepesi. Nikaupenda wepesi wake.
Ile kubwa nikaifuta; flashi ilikuwa imejaa,
na mbili za nini?

Siku ya malipo foleni ilifika hadi kwa fundi baiskeli.
Nasambu Khaemba akaweka kadi yake mezani,
kadi mpya, ncha zake bado kali.
Nikaandika jina lake. Hakuna.
Nikaandika tena polepole, kana kwamba kompyuta ni kiziwi.
Hakuna.
Nikashuka Januari, nikashuka masika, nikashuka Agosti,
nikashuka mpaka gurudumu la kipanya likagoma:
mstari wa elfu sitini na tano, mia tano thelathini na sita.
Protus Wepukhulu, Novemba kumi na nne, asubuhi, lita saba na nusu.
Chini yake, mwisho wa dunia.
Si sifuri. Sifuri ningeielewa,
sifuri ni ng'ombe aliyekauka.
Hapa hapakuwa na hata kijumba cha kuiweka sifuri.

Kijana wa saiba alinieleza bila kuniangalia:
muundo ule una ukingo, dada, ukizidi unamwagika.
Aliyeuchora aliketi mahali akajiuliza
ni nani atakuwa na mambo mengi kuliko haya.
Hakuwahi kufika Kiminini.
Hakujua kwamba ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku,
hata Krismasi, hata kukiwa na matanga.

Nasambu alianza kuleta maziwa tarehe ishirini.
Aliuza mahindi yote, akanunua ndama, akamlea,
na kwa mashine yangu ndama huyo hajazaliwa.
Nilimngoja apige kelele.
Akafungua fundo la leso, akatoa risiti za kaboni
zilizonyooshwa kama noti.
"Wewe andika," akasema. "Mimi nitakusomea."

Basi wakaja.
Wepukhulu na daftari la hesabu la mwanawe,
nyuma ya kuzidisha kwa tisa, lita za wiki tatu.
Mmoja akang'oa ubao wa mlango wa zizi, umejaa chokaa,
akaubeba kichwani kilomita nne.
Wa bodaboda akakumbuka nani alimdai mkebe.
Siku sita tuliandika, mpaka umeme ulipokatika,
kisha tukaandika kwa tochi ya simu.

Tarehe ishirini na tisa, jioni, hatukuipata.
Ilinyesha mvua ya mawe jioni ile.
Kila mtu aliikumbuka mvua,
alipojikinga, mbuzi wa nani alikufa.
Lita hakuna aliyezikumbuka.

Bwana Sitienei amepiga tena: je, jumla zinalingana?
Nimemwambia aje mwenyewe, na miwani.
Atakuta majina mia moja na manne ya jioni ile,
moja moja, mpaka la Nasambu,
na mbele ya kila jina
kijumba kitupu.
Nimekiacha makusudi.
Angalau kipo.