Kidirisha cha Tatu

Alivuka na pantoni ya asubuhi, Koplo mstaafu Mbawala,
picha kaifunga kwa gazeti la juzi na kamba ya katani,
akanikuta Keko napiga randa mninga.
"Fundi, nina ukuta mtupu kule Tungi."

Mtupu! Nilipokwenda kupima nikajionea:
ngao ya taifa, bibi na bwana wameshika pembe zao,
shaba imewapauka kwa chumvi;
bendera ndani ya kioo, kijani chake
kimekuwa cha mchicha uliochemka;
nanga ya plasta iliyopakwa dhahabu;
na kalenda ya benki, ya mwaka juzi,
haishushwi kwa sababu ina meli.

Mama Editha, kochini, hakuinua macho kwenye mchele:
"Mimi naishi bandarini, fundi.
Picha ya kipaimara ya mwanangu iko juu ya friji,
inasubiri gati."

Nikafungua gazeti.
Boti ya doria, kijivu, ubavu mzima,
bendera imenyooka kwa upepo kule tezi,
mabaharia kumi na tisa sitahani, vifua mbele.
Nikamtafuta safu ya kwanza, nikamtafuta ya pili.
"Uko wapi, afande?"

Akacheka bila sauti. Kidole chake
chenye kovu la mafuta ya moto
kikampita nahodha, kikaupita mzinga,
kikashuka chini ya sitaha,
kikatua kwenye kidirisha cha duara, cha tatu kutoka omo.
"Humo. Nakata vitunguu.
Waliita watu wote juu wapigwe picha,
na maharage yalikuwa yanakaribia kushika sufuria."

Kisha, polepole, kama anayeomba mkopo:
"Nataka kidirisha kikae katikati."

Nikaweka rula. Rula haina cheo.
Kidirisha kikikaa kati, tezi inakatika,
na bendera inakwenda na tezi.
Nikamwambia.
Akanyamaza mpaka chai ikafanya utando.
"Bendera haikatwi."
"Basi wewe utabaki pembeni."
"Pembeni nimekaa miaka ishirini na sita."

Mama Editha akapeta, akapuliza pumba:
"Si muongeze karatasi upande mmoja?
Sketi ikibana, haukatwi mguu."

Ndivyo ilivyo hadi leo.
Upande wa tezi ukingo ni inchi moja na nusu,
upande wa omo inchi tisa, nyeupe, hazina kitu.
Kalenda imeshuka; msumari wake
umepata binti mwenye shela na mshumaa.

Wageni wakiiona ile fremu hunong'ona
kwamba fundi alikunywa kabla ya kupima.
Jina langu limechafuka kidogo huko Kigamboni.
Mmoja alimuuliza Koplo waziwazi:
"Na huu weupe wote, wa nini?"

"Mvuke," akajibu,
akainuka kwenda kuonja mboga.