Kuota Moto, Tabata

Nyumba yetu ina joto lake tayari.
Halikununuliwa, halina swichi.
Bati linalikusanya tangu saa tatu asubuhi,
linalitunza kama akiba ya upatu,
kisha usiku linaturudishia lote, na riba,
sisi tumelala juu ya mashuka, si chini yake.
Feni inalisukuma toka kona hii hadi kona ile
kama mtu anayefagia maji.

Ndipo mwezi wa tano akashuka mama mkwe kutoka Tukuyu,
Bi Atuganile, goti moja bovu, sweta mbili,
na siku ya pili akauliza:
"Hapa kwenu mnaotea wapi moto?"

Nikacheka. Ambokile hakucheka.
Nikampeleka jikoni, nikawasha gesi:
ua la buluu, halina majivu, halina kelele.
Akalinyooshea viganja, akangoja.
"Huu unapika tu," akasema. "Haukai na mtu."

Jumamosi akarudi na jiko la mkaa
kutoka kwa yule fundi wa Barakuda anayekata madebe,
na mkaa wa ndoo moja, kaubeba mwenyewe, na goti lile.

Vita ikaanza, vita ya adabu.
Shikamoo mama. Marahaba mwanangu.
Yeye analiingiza sebuleni, mimi nalitoa.
Nikamwambia mkaa chumbani huua bila kupiga hodi.
Akaniambia nyumba za kwao zina nyufa za kutosha,
na hii yenu, akasema, mmeiziba kama chupa.

Usiku nikapiga hesabu, macho kwenye dari:
joto la bati, joto la watu watano,
joto la friji linalopumua kisogoni,
joto la hasira yangu.
Ukijumlisha na jiko, tutaiva.

Tukapatana bila kikao.
Chai ya alfajiri ni ya gesi, watoto wasichelewe shule.
Maharage ni yake, na makande, na kila kisicho na haraka.
Jiko halivuki kizingiti:
linakaa uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo,
naye juu ya ndoo iliyogeuzwa, anapepea kwa kipande cha boksi.
Nguo zangu zote zikanuka moshi. Sikusema kitu.
Nilisema mara moja.

Julai, tarehe ishirini na saba,
mtungi ukakohoa, ukakata roho. Umeme nao ukaondoka.
Nikatoka uani na sufuria ya wali nusu mbichi
kama mtu anayekuja kukopa chumvi.
Akasogea. Hakuniangalia.
Nikashika koleo, nikamwonyesha mambo ya kwetu Kisarawe:
makaa machache chini, mengine juu ya mfuniko,
wali upaliwe, ukauke taratibu katikati.
"Juu na chini?" akauliza.
"Juu na chini, mama. Ila yasizidiane."
Akatazama bati la nyumba, akatazama sufuria,
akacheka peke yake, mpaka goti likamuuma.

Watoto wakala, wakalala.
Nikamkuta bado pale, kidevu kifuani,
viganja vimefunguka juu ya majivu.
"Mama, unaota?"
"Naota," akajibu, macho kayafumba.
Sikujua ni moto, au ni Tukuyu.

Nikaongeza kipande kimoja cha mkaa.
Kimoja tu.