Jina Nusu

Ulises alikuja Jumanne na lori la magogo,
akaibeba kompyuta yangu kuukuu kifuani
kama mtu abebaye mbuzi mgonjwa.
Ilikuwa nzito ile, na feni lake likikoroma;
wakati wa baridi paka alilala mgongoni mwake
nami nikaota moto wa miguu chini ya meza.

Mahali pake akaweka kisanduku
kisichozidi kipande cha sabuni.
Hakina diski. Hakina feni.
Debe tupu haliachi kuvuma, ndivyo tujuavyo;
hili ni tupu, na limenyamaza.
"Akili yote iko Coyhaique," akasema,
"mashine moja kubwa kwenye chumba cha ubaridi,
ofisi kumi na nne zinanyonya humo.
Wewe, Nélida, umeachiwa dirisha."
Paka akanusa, akahamia jikoni.

Sikatai, nimepumzika.
Virusi havinijui tena, nakala siweki mimi,
na mwizi akiiba, ameiba sabuni.
Ila mtandao wetu hupitia angani,
na anga la Villa Ñirehue lina mambo yake.

Alhamisi akaingia Onofre Cárcamo,
poncho ikichuruzika kwenye mbao za sakafu,
saa tano juu ya farasi, kofia mkononi.
"Mama," akasema. Basi.
Nikafungua ukurasa wa vifo,
nikaandika D, e, l, f, i,
theluji ikafunika dishi juu ya paa
na kioo kikaganda.
Nikabonyeza. Nikabembeleza. Nikakipiga kofi.
Dirisha halikamuliwi.

"Imemkataa?" Onofre akauliza.
Haijamkataa, nikamwambia. Haijasikia.
Nikamwandikia kwa kalamu, nikagonga muhuri,
akaenda kuzika; maiti haisubiri seva.

Theluji siku mbili.
Siku mbili kaburi limeshafukiwa kule bondeni,
farasi amerudi kwenye majani yake,
na katika daftari la serikali
Delfina Millalonco hajafa,
wala huwezi kusema yu hai.

Jumamosi nikapanda paani na ufagio.
Nikashuka vidole vimekufa ganzi,
nikaingiza neno langu la siri
nikitarajia ukurasa mweupe, tuanze upya.
Kumbe kule mjini, ng'ambo ya milima,
ukurasa wangu ulikuwa macho muda wote:
*Delfi*
na kale kamstari pembeni kakipepesa,
kakipepesa,
kama mtu aliyekatiza maneno
kwa sababu mlangoni pamebishwa hodi.

Nani alikuwa amemshikia nafasi?
Si Ulises. Si mimi.
Mashine ambayo sijaiona kwa macho,
isiyojua baridi yetu ila ile iliyotengenezewa.

Nikakaa kidogo. Kuni zikapasuka jikoni.
Kisha nikaandika n.
Ile a ya mwisho sikuiharakisha.