Saa ya Salmiya

Nikiulizwa mwaka wangu ni upi
husema tisini, bila kufikiri.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Hamriya,
ghorofa ya juu nyuma ya duka la kinyozi,
ambako tangi la maji lilichemka lenyewe tangu Mei
na kuoga adhuhuri kulitaka ushujaa.

Februari, redio ya Bibi Shinuna ilisema
mfungwa wa Afrika Kusini ametoka,
anatembea kwa miguu yake.
Bibi aliacha kuchambua mchele.
"Miaka ishirini na saba," akasema, kisha akahesabu
yake mwenyewe, tangu atoke Unguja: ishirini na sita.
Akarudi kwenye mchele.
Mawe matatu. Akayapanga ukingoni mwa sinia.

Juni, Kameruni.
Baba, ambaye njiani alituamuru Kiarabu,
Kiarabu tu, watu wana masikio,
alipoona kile kichwa na lile bao
aliruka, akalifungua dirisha:
"Tumewafunga! Jamani, tumewafunga!"
kwa Kiswahili cha Mkunazini,
na madirisha matatu ya jirani yakamjibu
kwa Kiswahili kilekile.
Hatukujua kama tuko wengi hivyo.

Mwisho wa Julai akazaliwa Thureya.
Siku yake ya saba iliangukia Alhamisi.
Mbuzi keshachunwa, nywele za mtoto zimo bakulini,
twangoja simu ya Ami Hamudi kutoka Kuwait,
maana yeye ndiye aliyepewa heshima ya jina.
Redio ikaitangulia simu.
Baba alizungusha namba mpaka kidole kikamvimba;
upande wa pili hapakuwa na kitu, hata mlio.
Wageni walikula wameinama.
Mama, kitandani, ndiye aliyelitoa jina:
Thureya, kilimia,
nyota wanazotazama watu wapate kupanda.

Wiki tano. Bibi hakulia. Alitunga,
akanikalisha niandike nyuma ya risiti:

*Rudi mwana wangu rudi, hata mikono mitupu,*
*mali ni kama baridi, hupotea chapuchapu,*
*sitaki mimi zawadi, wala khanga kwenye kapu,*
*nataka wewe, Hamudi, ngozi na mifupa tupu.*

Risiti akaitia chini ya mto. Hapakuwa na posta ya kuipeleka.

Septemba, kabla ya alfajiri, Chevrolet ya namba za Kuwait
ikazimika mbele ya kinyozi.
Ami akashuka, suruali kaishika kwa kamba ya pazia.
Alipita mchangani mpaka Saudia, asema,
akifuata taa za waliomtangulia,
na mahali fulani taa zikawa hazipo.
Ndani ya buti: dumu la maji, tupu;
kigodoro cha mtoto, hatukuuliza cha nani;
na saa ya ukutani ya sebule yake ya Salmiya
imeviringwa taulo kama kichanga.
"Saa, Hamudi?" Baba akauliza.
Ami akacheka, halafu hakucheka tena.
"Ndiyo iliyokuwa karibu na mkono."

Tuliipigilia juu ya televisheni.
Ilikuwa nyuma saa nzima.
Harith akapanda kiti airekebishe.
"Iache!" Bibi, kutoka jikoni.
"Hiyo ndiyo saa ya Unguja."

Tangu siku ile akawa anatazama juu na kutupa habari:
sasa watoto wanatoka chuoni,
sasa Darajani wanafunga maduka.
Na Ami kwenye kochi akiitazama saa ileile,
akiona mtaa mwingine, hasemi.

Disemba Thureya akaota jino.
Vita vyenyewe vilikuwa bado;
sisi tulidhani vimeshatupita.

Bibi amelala Amerat. Ami aliuza gari,
Kuwait ikafunguliwa, asirudi hata kutembea.
Saa iko kwangu, Al-Khuwair.
Betri nabadilisha, mishale siigusi.
Ijumaa huja Thureya na wanawe,
na yule mdogo, mdomo umejaa wali, hunionya:
"Mama mkubwa, saa yako mbovu."
Mbovu, namwambia. Kula.