Pipa la Nne

Kurasa mia moja na kumi na mbili
nimezipiga chapa usiku, steshenari ya Kanyenye,
wateja wa vyeti na barua za mkopo wakishaenda kwao.
Leo mtengeneza filamu ananijibu kutoka Dar:
Dada Milembe, kurasa sina muda nazo.
Nitumie sentensi moja. Nikipiga miayo, basi.

Sentensi moja!
Mimi ambaye salamu tu ya Kinyamwezi
hunichukua kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti.

Nikaandika:
*Hii ni hadithi ya maisha, mapenzi na usaliti
katika jamii ya warina asali.*
Nikaisoma kwa sauti. Hata feni haikugeuka.
Maisha ya nani? Usaliti upi?
Ni sawa na kumwambia mkata tiketi, nipe ya safari,
naye anauliza: Mwanza, Mpanda au Kigoma?
Hapa Tabora reli inajua,
anayetaka kwenda kote hulala stesheni.

Nikaandika tena, safari hii nikajaza:
*Nyanzala, binti wa marehemu Kasanda, aliyezaliwa mwaka wa njaa,
ambaye shangazi yake wa Sikonge alikuwa na mizinga arobaini,
na ambaye siku ya harusi yake*
na kichwa cha treni kikagoma papo hapo.
Nikaanza kukata mabehewa.
La harusi. La mwaka wa njaa.
La shangazi, ambalo nililipenda,
lilinuka moshi na nta.
Jina lenyewe nikalikata: mgeni halimwambii kitu,
kazi ndiyo inayomwambia.
Akabaki *mpima asali*.

Haya, mpima asali anataka nini?
Chai ilipoa mbele ya swali hilo.
Ukurasa wa tisa analia, wa arobaini anacheka,
katikati anatembea. Anatembea mno.
Lakini kutaka, hataki chochote.
Nikaona haya, kama mtu aliyealika wageni
akasahau kuwasha jiko.

Basi nikampa muhuri.
Nikampa treni ya mizigo ya Ijumaa,
na mapipa sita ya kukagua,
la nne limetiwa sukari.
Bado nyepesi.
Mwenye pipa alikuwa tajiri mmoja, tumbo mbele, mwenye dharau,
nani asingemkatalia huyo?
Nikamfuta. Nikatafuta mtu
ambaye kumkatalia kunauma kuliko kulala njaa.
Nikaandika, *kaka*.

*Kabla ya treni ya Ijumaa, mpima asali lazima aamue:
agonge muhuri kwenye pipa lililotiwa sukari,
au amfilisi kaka aliyeuza baiskeli ili yeye asome.*

Maneno ishirini na matatu. Nimeyahesabu mara mbili, kwa kidole.
Baiskeli ni ya kweli, Foniksi nyeusi,
iliyobaki nimeitunga.
Mwisho sikuuweka. Mwisho ni wa atakayelipa kiingilio.

Kabla ya kuituma nikapita Isevya.
Ngelela alikuwa uani, kama kila wiki ya mzigo,
anafunga vifuniko vya ndoo kwa selotepu.
Kaka, nikamwambia, sikiliza kidogo,
maana nilikuwa nimejifunza hivi:
sentensi ikishika, mikono ya msikilizaji huacha kazi.

Nikasoma.

Selotepu ikanyamaza.
Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwanza.
Nikangoja aulize, halafu ikawaje?
Aliitazama ndoo, siyo mimi.
Akafuta kidole kwenye suruali,
polepole, kama mtu anayehesabu.

Nani, akasema, nani amekwambia?