Ametia Chumvi

Nimekula chumvi nyingi, na nyingine nimeivuna,
kwa hiyo Madamu Le Goarnig wa maktaba
aliponiletea riwaya hii na penseli mpya,
akasema, "Soizig, umo katika waamuzi watano,
toa alama kati ya ishirini,"
nilijua kilichomleta mlangoni.
Hadithi ni ya chumvi, na mtaa wa kanisa
haukubakiwa na mvunaji mwingine ila mimi.

Nianze na makosa, maana ndiyo yanayowasha.

Sura ya tatu, Enora anavuna chumvi mwezi Januari.
Januari! Mwezi huo mabwawa yetu hapa Bretania
yamelala chini ya maji ya mvua kama ng'ombe mgonjwa.
Chumvi ni mtoto wa jua la Julai
na upepo mkavu wa mashariki.
Pembeni niliandika: Hapana.
Nikapiga mstari. Nikapiga wa pili.

Kisha huyo Luteni Aymeric, mtoza ushuru wa mfalme,
anamfumania usiku na gunia la magendo,
anaushika mkono wake, nao ni "laini kama hariri".
Hariri ya wapi? Mikono ya mama yangu
ilipasuka kila kiangazi, na katika ile mipasuko
chumvi iliingia kama mdai, bila hodi.
Hakuweza kutupapasa kichwani asinase nywele.

Mvua nayo hainyeshi mpaka wapenzi wagombane,
na kila mtu, hata mchunga bata, anaongea kama wakili.
Mwandishi ametia chumvi kila mahali
isipokuwa kwenye chumvi.

Ningeishia hapo. Nilikwisha kuandika saba.

Lakini ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili
ulinikalisha chini mpaka kahawa ikapoa.
Luteni amekuja, farasi wake anatoka povu,
anayasema yote aliyokaririshwa,
nyota, moyo, kaburi, milele,
na Enora hamjibu. Anahesabu vikapu.
Kumi na nne. Kumi na tano.
Kumi na sita.
Hapo sauti inamkwama, anarudia
kumi na sita,
basi.

Hakuna busu. Hakuna radi.

Nami niliwahi kuhesabu hivyo,
mwaka ule Tudual aliposimama ukingoni mwa bwawa letu,
mtu ambaye neno lilimtoka kwa shida
kama msumari kwenye ubao mbichi.
Alisema, "Reki yako imelegea mpini."
Akaichukua. Asubuhi akairudisha, imekazwa.
Tukakaa pamoja miaka arobaini na mmoja
na sikusikia tamko jingine lililoizidi ile reki.

Sasa huyu mwandishi, msichana wa Paris,
asiyeijua Januari wala Julai,
kumi na sita mara mbili aliipata wapi?
Nilikasirika. Nilizunguka jikoni.
Makosa yake yote hayakunikera kama hilo.

Mwisho wa kitabu unavuja, sifichi.
Mama mkwe mchungu anageuka asali
kati ya aya moja na nyingine,
ushuru umesahauliwa, magendo yamesamehewa,
harusi ina maua ambayo pwani hii haiyaoti.
Nikapunguza moja. Nikairudisha. Nikapunguza tena.

Jumamosi tulikutana, viti vitano na keki ya siagi.
Riwanon alitoa kumi na nane, amelia tangu sura ya pili.
Daktari mstaafu alitoa nne, na macho alikuwa nayo makavu
kama mtu aliyesoma jalada tu.
Mimi nikasema kumi na moja.
"Kwa nini si kumi?" aliuliza Madamu.
Nikamwambia ahesabu vikapu.
Aliangalia chini ya meza, maskini,
akidhani nimekuja na vikapu.

Kitabu nitakirudisha kesho.
Kuna kurasa mbili zimeshikana kwa kahawa, mniwie radhi.
Zifungueni taratibu, kwa mvuke.
Penseli nimebaki nayo.