Ibara ya Tisa

Katika kibanda cha wakalimani, hoteli moja ya Nyali,
nilimeza funda la maji, nikawasha kinasa sauti.
Nchi kumi na moja zilikuwa zikigawana upepo.

Ibara ya tisa iliingia asubuhi ikisema "zitapaswa":
zitapaswa kuzuia mafuta yasimwagike,
zitapaswa kukopeshana umeme ukame ukibana.
Baada ya chai na mahamri
ikarudi ikisema "zitajitahidi".
Neno moja tu. Nikalifasiri bila kukohoa.
Ndiyo kazi; ulimi wangu wameukodi hadi saa kumi na moja.

Jioni, Kipevu, meli ilikuwa imefunga gati,
mabomba yakinyonya,
na ng'ambo, mikoko ya Mikindani
imevaa soksi nyeusi hadi magotini.
Hapo hapakuhitaji mkalimani.

Nyumbani, giza.
"Tokeni imekwisha," asema Khalati Mwanasha.
"Na nyinyi huko, mmeafikiana?"
Nikamsomea tarakimu kwenye simu, nne nne, mara tano,
naye akibonyeza kwa kidole chenye masizi.
Hata moja haikujitahidi.
Zote zilipaswa.
Taa ikawaka.